Kwa nini jarida la mawakala wa chama limejaa habari za wapangaji?

SWALI: Natafiti vyama vya siasa vya Uingereza enzi za Malkia Victoria. Nimepata matoleo ya Liberal Agent, jarida la mawakala wa chama cha Liberal lililoanza mwaka 1895. Nilitarajia siasa, lakini ninachokuta ni wapangaji, kodi za vyumba na tarehe za pingamizi. Wakala wa chama alihusikaje na vyumba vya kupanga?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na neno lenyewe. Kwetu wakala wa chama ni yule anayekaa kituoni siku ya uchaguzi akilinda kura za mgombea wake. Wakala unayemsoma humo alikuwa mwajiriwa wa mwaka mzima, na sehemu kubwa ya mwaka wake ilikwenda kwenye daftari la wapiga kura.

Sheria ya 1867 iliwapa kura wapangaji wa mijini, na ile ya 1884 ikaifikisha haki hiyo majimbo ya mashambani. Ila mpangaji alitakiwa awe amekaa miezi 12 katika vyumba vyenye thamani ya pauni 10 kwa mwaka bila kuhesabu samani, tena aombe upya kila mwaka. Aliyehesabiwa kuwa na makazi yake mwenyewe aliandikwa na maofisa wa parokia pasipo kuomba. Sasa anayelala chumba kimoja ndani ya nyumba kubwa yumo kundi lipi? Mwaka 1881 Mahakama ya Rufaa ilitazama zaidi kama mwenye nyumba anaishi humohumo na bado ana mamlaka juu ya nyumba nzima: ikiwa ndivyo, huyo ni mpangaji wa kuomba kila mwaka; la sivyo, ana makazi yake mwenyewe. Kwa mamia ya vibarua, kura ilisimama au kuanguka hapo.

Orodha za wapiga kura zilitangazwa Agosti, pingamizi dhidi ya majina yaliyomo zikapelekwa, kisha mwanasheria aliyeteuliwa akaketi kusikiliza shauri moja baada ya jingine. Mawakala wa pande zote walikuwapo, kila mmoja akiwatetea watu wake na kuwapinga wa mwenzake. Barua ya pingamizi ikichelewa, basi mpaka mwaka ujao. Mimi naona uchaguzi mwingi wa enzi ile uliamuliwa katika vikao hivyo, kabla mgombea hajapanda jukwaani.

Jambo la pili ni sheria ya 1883 dhidi ya rushwa. Iliweka kikomo cha matumizi, ikapitisha malipo mikononi mwa wakala mmoja, na kumpa siku 35 baada ya matokeo kuwasilisha hesabu. Kukodi magari ya farasi ya kubeba wapiga kura, au kulipia bendi na bendera, kukawa kosa. Mshindi aliweza kuvuliwa kiti kwa kosa la wakala wake, hata kama hakulijua. Gharama za wagombea zilishuka kutoka zaidi ya pauni milioni 1.7 mwaka 1880 hadi takriban milioni 1 mwaka 1885, ingawa wapiga kura walikuwa wameongezeka sana.

Kazi ya namna hiyo ilikuwa imewazidi mawakili waliokuwa wakiifanya kama kibarua cha pembeni. Wakatokea watu wa kuifanya muda wote. Wale wa chama pinzani cha Conservative waliunda chama chao cha kitaaluma mwaka 1891, wakatunga na mitihani.

Kwa hiyo soma kila toleo ukiwa na kalenda ya daftari mkononi. Na ukikutana na shauri la mpangaji, tafuta kwanza mwenye nyumba alikuwa akilala wapi.