Mifumo miwili, skrini nyeusi na saa iliyorudi nyuma

SWALI: Shikamoo kaka. Nasoma kompyuta mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Dar, na nimepanga na mwenzangu Sinza. Kuna akaunti bandia ya Instagram iliyomchafua binti wa darasani kwetu. Mwenzangu, ambaye tulikuwa tumeshakosana kuhusu kodi, akaenda kituoni kusema ni mimi, kwa sababu laptopu yangu ina mifumo miwili ya uendeshaji, Windows na Ubuntu (aina ya Linux), na usiku naandika amri kwenye skrini nyeusi. Polisi wakaichukua. Mpelelezi ananiuliza kwa nini nina sehemu ya diski iliyofichwa, programu ya Wireshark nadukulia nini, na kwa nini saa ya kompyuta imerudishwa nyuma saa tatu. Hiyo saa hata mimi sijui ilirudije. Nimweleze vipi asinione mjuaji? Na paswedi wanayoitaka, niwape?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Naanza na saa, maana hapo ndipo unaweza kuumia bila kosa.

Kwenye bodi ya kila kompyuta kuna saa ndogo inayotembea kwa betri hata mashine ikizimwa. Windows huisoma ikiamini inaonyesha saa za hapa tulipo. Linux, kwa kawaida, huisoma ikiamini inaonyesha saa za UTC, yaani saa za kipimo cha dunia nzima, na sisi Afrika Mashariki tuko mbele ya UTC kwa saa tatu. Ukitoka Ubuntu ukawasha Windows, Windows inakuta saa ya UTC, inaichukua kama ilivyo, na kioo kinasema saa nane mchana wakati Sinza ni saa kumi na moja jioni. Ikipata intaneti hujirekebisha. Kabla ya hapo, kila faili unalohifadhi linabeba muda uliochelewa saa tatu kamili. Ni kero inayojulikana na kila aliyewahi kuweka mifumo miwili, na aliye Uingereza wakati wa baridi haioni kabisa kwa kuwa saa zake zinalingana na UTC.

Mwambie mpelelezi hivyo, na umwombe wataalamu wao wajaribu wenyewe: wachukue mashine nyingine yenye Windows na Ubuntu, waizime ikiwa kwenye Ubuntu, waiwashe upande wa Windows bila intaneti. Wasijaribie kwenye yako. Kila kuwasha kunabadilisha mamia ya faili, na yako sasa ni kielelezo.

Kuna mtego mwingine wa saa. Seva za nje mara nyingi huandika muda kwa UTC. Tukio lililoandikwa 17:04 huko ni 20:04 hapa, na kwenye maelezo yako litaandikwa saa mbili na dakika nne usiku. Hizo ni hesabu mbili, moja ya kanda na moja ya Kiswahili, na mtu aliyechoka saa za kufunga ofisi anaweza kukosea yoyote kati yake. Kabla ya kusaini maelezo ya onyo, yaani yale unayoandikwa polisi baada ya kuonywa, soma kila muda uliotajwa humo.

Diski iliyofichwa haijafichwa. Ubuntu hutumia mpangilio wa faili unaoitwa ext4, ambao Windows peke yake haiusomi, hivyo inaonyesha kipande kisicho na jina wala herufi. Mara nyingine diski kama hiyo ikichomekwa kwenye Windows nyingine hutokea ujumbe unaotaka ifomatiwe. Hili lipeleke kwa maandishi mapema, kupitia wakili, kwa sababu mtu akibonyeza kukubali, ushahidi wa kukusafisha unaweza kuondoka nao.

Kuhusu skrini nyeusi, mwenzako ameligeuza jambo juu chini. Terminali ya Ubuntu, ndiyo hiyo skrini nyeusi, inaandika kumbukumbu ya amri zako kwenye faili la .bash_history, na mpangilio wa kawaida huhifadhi hadi mistari 2,000. Faili hilo halina tarehe usipoliwekea, lakini kila ulipotumia sudo, yaani kutoa amri kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine, amri na muda wake viliandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo. Aliyetaka kujificha angechagua mahali pengine. Windows nayo ina skrini yake nyeusi, na tangu 2016 Microsoft wenyewe wameruhusu Linux iendeshwe ndani ya Windows. Simu ya mpelelezi, kama ni Android, kiini chake ni Linux. Hilo la simu usimwambie kwa kejeli. Afande akihisi anafundishwa na mtoto, mazungumzo yameisha.

Wireshark inaonyesha data inayopita kwenye kadi ya mtandao ya mashine yako. Mafunzo ya Cisco Networking Academy yanaitumia waziwazi. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinagusa kifaa au programu iliyotengenezwa au kurekebishwa kwa ajili ya kutenda kosa, na Wireshark si ya namna hiyo. Ila kama uliwahi kunasa mawasiliano ya wenzako kwenye Wi-Fi bila ridhaa yao, hilo ni jambo jingine kisheria, na jibu lake mpe wakili, usinipe mimi.

Sasa angalia kinachohitajika kweli kwenye kesi hii. Akaunti ya Instagram hufunguliwa kwa namba ya simu au barua pepe, na kampuni huwa na kumbukumbu za muda na anwani za IP, yaani namba ambazo muunganisho wa intaneti huonekana nazo. Hata IP ikionekana, nyumba nzima yenye Wi-Fi moja hutoka nje kwa anwani moja, na mitandao ya simu hugawana anwani moja kwa wateja wengi. Lazima ipatikane kamba inayounganisha akaunti, kifaa, muda na mtu. Mifumo miwili haiongezi hata uzi mmoja kwenye kamba hiyo. Akaunti kama ile mtu anaifungua kwa simu akiwa ndani ya mwendokasi.

Si wewe wa kwanza. Machi 2009, Marekani, polisi wa Boston College walipekua chumba cha mwanafunzi wa kompyuta kwa sababu ya barua pepe iliyosambazwa kuhusu maisha binafsi ya mwanafunzi mwenzake. Mtoa taarifa alikuwa mwenzake wa chumba waliyekosana. Ombi la hati ya upekuzi lilitaja kwamba anatumia mifumo miwili kuficha uhalifu, mmoja ukiwa wa skrini nyeusi yenye maandishi meupe, na kwamba hufungua simu zilizofungwa ili zitumike kwingine. (Kazi hiyo ya mwisho, mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, inalipa kodi ya fremu.) Wanasheria wa EFF, shirika la Marekani linalotetea haki za watu mtandaoni, walimtetea, na Mei mwaka huohuo Jaji Margot Botsford wa Mahakama ya Juu ya Massachusetts aliifuta hati, akaona hakuna sababu ya kutosha ya kuamini kosa limetendeka, na vifaa vikaamriwa virudishwe.

Usiende kituoni na hadithi hiyo ukidhani imemaliza kazi. Kwetu, kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinamruhusu mkuu wa kituo, au afisa wa cheo kinacholingana, kutoa amri ya upekuzi akiwa na sababu za msingi za kushuku, hivyo mlango wa kwanza ni mwepesi zaidi kuliko wa Boston. Nguvu yako iko mbele. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, ya 2015 pia, kinaitaka mahakama, inapopima ushahidi wa kielektroniki, iangalie kama njia ya kuuzalisha, kuuhifadhi na kulinda uhalisi wake inaaminika. Kwa hiyo jambo la kudai sasa ni hati ya kukamatia mali yenye namba ya kifaa, saini yako na za mashahidi, na kuandikwa kama laptopu ilichukuliwa ikiwa imewaka au imezimwa. Uliza pia kama diski ilinakiliwa yote kabla ya kuguswa na kama alama ya SHA-256 ya nakala, yaani namba ndefu inayobadilika nakala ikiguswa, imeandikwa. Usipojibiwa, wakili wako aiandike tarehe uliyouliza.

Paswedi: mimi ni fundi wa mifumo, si wakili, na hapa utofauti huo una uzito. Sheria ya Makosa ya Mtandao inafanya kuzuia uchunguzi, au kukaidi amri iliyotolewa chini yake, kuwa kosa. Usikatae kwa jeuri, na usiitamke koridoni. Omba amri iliyoandikwa, itoe mbele ya wakili, na makabidhiano yaandikwe. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) wana msaada wa kisheria kwa asiye na uwezo. Kwenye simu yako usifute kitu, hata cha aibu.

Leo hii mwombe mhadhiri wa mitandao barua inayotaja kozi, muhula na kwamba Linux na Wireshark ni sehemu ya mazoezi. Ya asili abaki nayo wakili. Nakala ipelekwe kituoni, igongwe muhuri wa kupokelewa.