Kwa nini Tingatinga alichora kwenye hadibodi

Ndugu, umeuliza kwa nini mchoraji wa Tanzania Edward Saidi Tingatinga hakutumia turubai la kuchorea na rangi za wasanii. Jibu ni kipato tu. Alizaliwa Tunduru, akaja Dar es Salaam kutafuta maisha, akafanya kazi za kila namna. Alipoanza kuchora mwaka 1968 hakuwa amesoma sanaa popote, akachukua vilivyouzwa dukani kwa bei anayoiweza: vipande vya hadibodi, yaani ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, na rangi za kung'aa zinazopakwa baiskeli.

Na hapo ndipo uzuri ulipotokea. Rangi ile huachia mng'ao na rangi kali, haikupi wepesi wa kuchanganya vivuli, basi yeye akamweka mnyama mmoja mkubwa katikati, mistari safi, mandhari tupu nyuma. Chui wake ananivutia mpaka leo kuliko michoro mingi ya sasa iliyojazwa wanyama kila kona.

Picha ziliuzwa kwenye maduka ya Morogoro Stores, mtaa wa Oysterbay huko Dar es Salaam, wageni wakizinunua. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu. Alichora miaka minne hivi tu! Ndugu na wanafunzi aliowafundisha, Simon Mpata akiwamo, ndio walioendeleza kazi.