Homoni za kukoma hedhi: maudhi madogo madogo, na yale yasiyo madogo

Miezi mitatu ya kwanza ya kutumia homoni za kukoma hedhi ndiyo migumu. Matiti yanauma hata sidiria inakera, asubuhi kuna kichefuchefu, kichwa kinagonga, tumbo linajaa, misuli ya miguu inakaza usiku, na matone ya damu yanaonekana kwa mwanamke aliyeshasahau pedi. Kwa walio wengi haya hupungua yenyewe mwili ukizoea, ndiyo maana tarehe ya kurudi kliniki huwekwa baada ya miezi mitatu. Usiache dawa wiki ya pili kwa sababu ya matiti. Lakini pia usivumilie kila kitu kwa kuambiwa "utazoea tu".

Kwanza jua kipi kinaletwa na dawa ipi. Mwanamke mwenye kizazi hupewa homoni mbili: estrojeni, inayotuliza joto la ghafla na jasho la usiku, na projesteroni, inayolinda ukuta wa ndani wa kizazi. Aliyetolewa kizazi kwa kawaida hupewa estrojeni peke yake. Matiti kuuma, kichefuchefu na misuli kukaza mara nyingi ni estrojeni. Tumbo kujaa, chunusi, hasira za haraka, huzuni na usingizi mzito mara nyingi ni projesteroni. Kama huzuni inakuja zile siku za projesteroni tu, ziandike kwenye kalenda umwonyeshe daktari. Kinachohitaji kubadilishwa ni hiyo moja, si matibabu yote.

Kichefuchefu cha kidonge cha estradioli hupungua ukikimeza na chakula cha usiku. Matiti yakiendelea kuuma, daktari anaweza kushusha miligramu 2 hadi 1. Projesteroni ya asili hutolewa miligramu 100 kila usiku, au 200 kwa siku 12 hadi 14 za mwezi, na humezwa wakati wa kulala kwa sababu inaleta usingizi. Mama anayetakiwa kuwa soko la samaki la Mwaloni alfajiri kupokea dagaa aimeze mapema usiku, la sivyo ataamka bado ana kizunguzungu. Baadhi ya vidonge vyake vina mafuta ya karanga, hivyo mwenye mzio wa karanga aseme mapema.

Kosa tunalolihofia kuliko yote ni kuacha projesteroni na kuendelea na estrojeni. Wengine huiacha kwa sababu inawalegeza, wengine kwa sababu duka la dawa lilikuwa na moja tu. Estrojeni ikibaki peke yake, ukuta wa kizazi unazidi kunenepa, na baada ya muda hatari ya saratani ya kizazi inapanda. Ukikosa moja dukani, mpigie daktari siku hiyohiyo. Anayeshindwa kabisa na projesteroni ya kumeza ana njia nyingine: kitanzi chenye homoni ya levonogestreli ya miligramu 52 hulinda kizazi kikiwa ndani. Kitanzi cha shaba hakifanyi kazi hiyo.

Sasa damu, maana hapa ndipo wengi wanapotea. Ukitumia projesteroni kwa siku 12 hadi 14 kila mwezi, damu itakuja kila ukimaliza siku hizo, na hiyo ni sawa. Ukitumia zote mbili kila siku bila kupumzika, matone yasiyo na mpangilio ni ya kawaida kwa miezi mitatu hadi sita ya kwanza, kisha yanatakiwa kukoma. Damu inayoendelea baada ya miezi sita, damu nzito, au inayoanza upya baada ya kuwa imekauka, inataka uchunguzi: utrasaundi ya kupitia ukeni kupima unene wa ukuta wa kizazi, na pengine kuchukua kipande kidogo cha ukuta huo kwa kijiti chembamba. Hospitali ya Sekou Toure au Bugando, hapa Mwanza, watakuelekeza.

Na kwetu huku Kanda ya Ziwa, damu haina chanzo kimoja. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake Tanzania, na damu baada ya tendo la ndoa ni dalili yake mojawapo. Kipo pia kichocho cha kibofu, kinacholeta damu kwenye mkojo na vidonda ukeni. Kwa hiyo ukiona damu, angalia: iko kwenye mkojo au inatoka ukeni? Inakuja baada ya tendo? Mweleze daktari hivyo hivyo bila haya, na uchunguzi wa mlango wa kizazi ufanyike hata kama dawa inaonekana ndiyo chanzo.

Kichocho kinagusa jambo hili upande mwingine pia. Kile cha tumbo, cha waliokulia wakichota na kufua ziwani, huharibu ini taratibu. Estrojeni ya kumeza hupita kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Kama umewahi kutapika damu, kuvimba bandama au kuambiwa ini lina shida, sema kabla hujaandikiwa chochote. Ini likiwa na ugonjwa unaoendelea, homoni hizi hazitolewi. Hazitolewi pia kwa aliyewahi kuwa na saratani ya matiti, aliyepata kiharusi au shambulio la moyo karibuni, wala anayetoka damu ambayo chanzo chake hakijajulikana.

Kupita kwenye ini ndiko pia kunakofanya vidonge viongeze hatari ya damu kuganda mishipani, hasa mwaka wa kwanza. Estrojeni ya kupitia ngozi (plasta au jeli), kwa dozi za kawaida, haijaonekana kuongeza hatari hiyo. Mwenye unene mkubwa au aliyewahi kuganda damu asikubali kidonge kabla ya kuuliza kuhusu njia ya ngozi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikata ghafla, kifua kikichoma, mdomo ukipinda au mkono ukilegea, ni hospitali saa hiyohiyo. Ukiwa Ukerewe, usisubiri kivuko cha kesho bila kuonwa kwanza na daktari wa hapo kisiwani.

Plasta ya homoni hubandikwa chini ya kiuno, takoni au pajani, kamwe si kwenye titi. Joto la Mwanza huibandua, na mafuta ya kujipaka huibandua zaidi. Osha, kausha kabisa, usipake kitu hapo, bandika, kandamiza kwa kiganja sekunde 10. Nyingi hubadilishwa mara mbili kwa wiki, kila mara mahali pengine ili ngozi isiwashe. Jeli nayo iache ikauke, nawa mikono, vaa nguo juu yake, na usimpakate mjukuu ngozi kwa ngozi kwa saa nzima, maana homoni humhamia.

Kuhusu saratani ya matiti: utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002 ulikuta wagonjwa 8 zaidi kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka waliotumia homoni mbili, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63. Hatari hukua kadiri miaka ya kutumia inavyoongezeka. Jipime matiti, na uvimbe mpya usiuhesabu kama maudhi ya dawa.

Dawa za kifua kikuu zenye rifampisini hupunguza nguvu ya estrojeni, hivyo joto la ghafla likirudi ukiwa kwenye dozi ya TB, huenda sababu ni hiyo, usijiongezee vidonge. Na vidonge vya majira si mbadala: estrojeni yake ni kali zaidi, na kwa mwenye miaka 50 na kitu mwenye presha au anayevuta sigara vinaweza kuleta kiharusi. Upande wa pili, homoni za kukoma hedhi hazizuii mimba. Aliye chini ya miaka 50 aendelee kujikinga miaka miwili tangu hedhi ya mwisho, aliyezidi 50 mwaka mmoja.