Betri ya pili kwenye gari la kazi: fikiria waya na chaji kabla ya inveta

Ndugu yangu, umeuliza kama fundi wako yuko sawa kukwambia uongeze betri ya pili kwenye gari lako la Toyota Probox, uiunge sambamba na ile ya injini, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kisha ununue inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) ya wati 2000 utumie dril na grainda ukiwa saiti. Mimi ni fundi wa friji na AC, kazi zangu ziko kaskazini mwa Mombasa, Nyali, Bamburi mpaka Mtwapa, na huu ni mwaka wa sita natembea na umeme wangu ndani ya gari. Usikubali mpango huo jinsi ulivyo.

Mimi nilianza hivyo hivyo. Siku moja nilikuwa na kazi Likoni, stima zimepotea, mwenye nyumba anataka friza lake jioni ile. Nikawasha pampu ya vakyumu, ile ya kufyonza hewa ndani ya mfumo wa friji, kwa inveta, ikavuta dakika kama arubaini, kazi ikaisha vizuri. Gari likawaka kwa shida nikaenda kupanga foleni ya feri, nikazima injini. Foleni iliposogea nikageuza ufunguo, stata ikasema tik, tik, tik, basi. Honi nyuma yangu, vijana wanasukuma gari kando, na mteja wa pili Nyali ananingoja. Betri zilikuwa mbili lakini kwa kuwa zimeungwa moja kwa moja, zilikuwa kitu kimoja, na zote zilikwisha pamoja. Betri ya injini lazima itenganishwe ukizima gari. Hilo halina mjadala.

Njia rahisi ni rilei inayofuata volti, yaani swichi inayojifunga na kujiachia yenyewe kulingana na volti. Injini ikiwaka na volti ikapanda kufika kama 13.3, rilei inafunga na betri ya pili inapata chaji. Ukizima na volti ikashuka kama 12.8, inaachia, unabaki na betri ya kazi peke yake. Hiyo inafaa gari ambalo altaneta yake (mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme) inashikilia volti muda wote. Magari mengi ya karibuni altaneta inaongozwa na kompyuta, na volti ikishushwa rilei inaachia ukiwa barabarani, betri ya pili haijai kamwe. Huko unahitaji chaja ya DC kwenda DC, inayopandisha volti yenyewe. Ukichagua betri ya lithiamu pia, weka chaja hiyo. Lithiamu inakunywa ampea nyingi kwa pupa, na altaneta ikilazimishwa kutoa nguvu zake zote gari likiwa sailensa (limesimama, injini inazunguka polepole) inachemka mpaka inaungua.

Sasa hesabu. Dril ya wati 800 ukigawa kwa volti 12 ni ampea 67, ongeza kinachopotea ndani ya inveta, utafika kama 75. Hiyo inveta ya 2000 ikibebeshwa mzigo wake wote itavuta karibu ampea 190. Betri moja ya 100Ah (ampea-saa 100) haitaki kuteswa namna hiyo, na altaneta ya gari dogo haiwezi kuifidia hata ukiacha injini inanguruma. Tena betri ya risasi, ile ya kawaida ya gari, usiishushe chini ya nusu kama unataka ikae, kwa hiyo 100Ah yako kwa kazi ni 50. Kwa dril ile ni nusu saa ya kubonyeza mfululizo, zaidi kidogo ukitoboa na kupumzika. Mimi natumia inveta ya wati 1000 yenye wimbi safi. Ya kwanza ilikuwa ya bei nafuu, wimbi la ngazi ngazi, na mota ya pampu ikawa inanguruma na kuchemka mpaka huwezi kuishika. Kwangu pampu ikizima katikati ni hasara kubwa, mafuta yake yanaweza kufyonzwa mpaka ndani ya mfumo wa friji.

Hapa kwenye waya naomba unisikilize vizuri. Mwanzo nilitumia waya wa nyumba wa milimita 6 za mraba, mita mbili kwenda na mbili kurudi. Dril ilipoanza kutoboa, inveta inapiga kelele ya betri imeisha. Nikaweka mita kwenye betri, 12.3. Nikaiweka kwenye terminali za inveta, 11.4. Karibu volti nzima inageuka kuwa joto njiani, na mimi nilikuwa karibu kununua betri mpya! Nikabadilisha kuweka milimita 35, upotevu ukawa chini ya 0.2, na betri ile ile ikafanya kazi. Ukienda dukani kwaruza ncha ya waya kwa kisu. Ukiona nyeupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, irudishe.

Fyuzi iwe karibu na betri, kama shubiri moja tu kutoka kwenye terminali. Yangu niliifunga upande wa inveta. Reli ya kiti ikasaga waya taratibu, siku ikagusa bodi, na sehemu ile yote ilikuwa haina kinga. Moshi ulijaa kabla sijafika kwenye spana ya kulegeza terminali. Waya unaounganisha betri mbili weka fyuzi pande zote mbili, kwa sababu umeme unaweza kutoka upande wowote. Mimi nina ya ampea 125 kwa inveta yangu, na kila waya unapopita kwenye bati umevishwa mpira.

Betri yenyewe nunua AGM iliyozibwa, yaani ya risasi isiyo na maji ya kumwagika, kwa kuwa ya maji ikichajiwa inatoa gesi inayolipuka, na wewe utakuwa umekaa nayo humo humo ndani. Ifunge kwa mkanda wa chuma. Ina uzito wa kilo 30 hivi, na ukifunga breki kwa ghafla hutaki ikufuate.

Jambo ambalo halisemwi sana ni chaji. Watu wanadhani gari likitembea betri inajaa. Safari zetu ni za robo saa, jam ya daraja la Nyali injini iko sailensa, altaneta haitoi kitu cha maana. Kurudisha ampea-saa 50 ni kazi ya saa tatu au zaidi, na betri inapokaribia kujaa inapokea polepole. Mimi usiku mara mbili kwa wiki nachomeka chaja ya ukutani nyumbani. Tangu nianze hivyo betri yangu imevuka mwaka wa tatu, ile ya kwanza ilikufa miezi minane tu.

Na chumvi ya bahari usiisahau. Nilifungua lagi moja (kile kichwa cha chuma kwenye ncha ya waya) baada ya msimu wa kusi, nikakuta unga wa kijani umeingia ndani ya nyuzi za shaba kama inchi mbili, juu plastiki bado inang'aa. Sasa nabana lagi kwenye waya kwa mashine, nayeyushia mpira wa joto juu yake, napaka mafuta ya mgando kwenye terminali, na kila baada ya miezi mitatu nakaza nati zote.

Kabla hujalipa chochote, washa Probox, weka mita kwenye betri, soma volti taa zikiwa zimezimwa, kisha zikiwa zimewashwa, kisha baada ya kuendesha nusu saa. Andika pia wati zilizoandikwa kwenye kibati cha dril na cha grainda. Nipe namba hizo nami nitakwambia kama rilei inakutosha au ununue chaja, na saizi gani ya waya.