Filamu ya Hawking: usiitungie jaribio kabla hujasoma

Mwalimu mwenzangu wa Tabora, umeuliza kama inafaa kuwaonyesha wanafunzi wa kidato cha tatu filamu ya maisha ya Stephen Hawking, mwanafizikia wa Uingereza aliyepooza mwili, kisha uwape jaribio. Jaribio hilo liache. Mimi nililitunga hapa Kigoma, na hadi leo nikikutana na binti mmoja sokoni Mwanga huwa nayakagua mafungu ya dagaa kwa makini kuliko yanavyostahili.

Filamu yenyewe ni The Theory of Everything ya mwaka 2014. Kijana wa kibanda aliyeniwekea kwenye flashi aliniapia kwamba ndivyo mtu yule alivyoishi, hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Baadaye alikiri kwamba yeye mwenyewe alisinzia kabla haijafika nusu. Nami, mtu mwenye shahada, nikamwamini muuza singeli.

Swali la nne liliuliza Hawking alizidiwa na nimonia katika mji gani mwaka 1985. Filamu inamwonyesha akizidiwa Bordeaux, katika onyesho la muziki, kwa hiyo nikaandika Bordeaux kwenye mwongozo wa kusahihishia. Binti yule akajibu Geneva. Nikamkosesha alama mbili kwa kalamu nyekundu, na pembeni nikaandika kwa mbwembwe: "Ulikuwa umelala?" Kesho yake alikuja ofisini wakati wa chai, walimu wote wamo, ameshika kitabu cha kuazima kilicholegea gundi, akanisomea kwa adabu zote kwamba Hawking alikuwa amesafiri kwenda CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva, na kwamba madaktari walipopendekeza mashine ya kupumulia izimwe, mkewe alikataa na kumrudisha Cambridge kwa ndege ya wagonjwa. Hakuna mwalimu aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Swali la pili nalo lilikuwa bovu: nilitaka waseme Jane, mkewe huyo, alikutana naye chuoni Cambridge, ilhali walifahamiana St Albans, na chuo alichosoma Jane kilikuwa London.

Sikatai kwamba Eddie Redmayne aliigiza vizuri, na Oscar ya mwaka 2015 aliistahili. Lakini filamu imetokana na kumbukumbu za Jane, ndiyo maana kamera haibanduki nyumbani. Mtoto wa dada yangu, ambaye anatumia kiti cha magurudumu, alikaa mstari wa mbele akingoja kuona mtu aliyepoteza sauti alivyokamilisha kitabu chake A Brief History of Time, kilichotoka mwaka 1988, akiminya kitufe kwa mkono na kuchagua maneno kwenye skrini, yasiyozidi kumi na matano kwa dakika. Sehemu hiyo ilipita upesi mno. "Mjomba," aliniuliza, "mbona tumemwona akihudumiwa kuliko tulivyomwona akifanya kazi?" Nilijifanya nakunja waya.

Soma kwanza alichoandika mwenyewe. My Brief History cha mwaka 2013 ni kitabu chembamba, unakimaliza kwa siku mbili. Kisha waonyeshe filamu, na swali liwe moja tu: imekosea wapi?

Binti nilimrudishia alama zake. Yale maneno ya pembeni niliyapaka wino mweupe, lakini ukiinua karatasi dirishani bado yanasomeka.