Hatamu nyeupe ya farasi wa Friesland

Mvua ilianza kunyesha tukiwa bado tunasubiri zamu yetu kwenye ukaguzi wa farasi. Nilikuwa nimemshika farasi jike wa miaka mitatu, mweusi tititi, na hatamu yake, yaani mikanda ya kichwani, nilikuwa nimeipaka rangi nyeupe ya viatu usiku uliotangulia ili ing'ae. Tulipofika mbele ya waamuzi, michirizi myeupe ilikuwa inamtiririka mashavuni hadi kidevuni. Iliniuma sana, kwa sababu yeye hakuwa na kosa lolote.

Nafanya kazi ya usaisi kaskazini mwa Uholanzi, na kwa ajili yako unayeanza kazi hii nimeandika haya.

Chama cha nasaba ya farasi wa Friesland kilianzishwa mwaka 1879. Kufikia 1913 madume ya kupandisha yaliyosajiliwa yalikuwa yamebaki matatu tu. Watu waliookoa uzao huu kutoka hapo wana uchungu nao, na ukaguzi, ambao wenyewe huuita keuring, wanauchukulia kwa uzito mkubwa. Anayemwongoza farasi huvaa nyeupe kuanzia shati hadi suruali, na kwa desturi hatamu nayo ni nyeupe. Juu ya manyoya meusi, weupe huo unaonekana kutoka mbali, kwa hiyo ikikaa vibaya kila mtu anaona.

Kabla ya kununua hatamu, simama mbele ya farasi wako umtazame kichwa. Ukanda mpana wa puani humfaa mwenye kichwa kirefu, maana hukifanya kionekane kifupi. Wetu ana kichwa kifupi, na ule wa kwanza niliomnunulia ulimfunika nusu ya uso. Ndugu zetu wa Oman waliozoea maonyesho ya farasi wa Kiarabu wanajua hatamu nyembamba sana, yenye mapambo ya fedha na mnyororo chini ya kidevu. Ile inampendeza farasi wa Kiarabu. Usimvalishe huyu wa Friesland.

Ukanda wa paji la uso ndio unaowaponza wengi. Ukiwa mfupi, huvuta ukanda wa utosini mpaka ubane mashina ya masikio, naye atatikisa kichwa kila hatua. Farasi wa Friesland ana masikio madogo ambayo ncha zake huelekeana kidogo, na waamuzi wanayatazama. Sasa watayaonaje kama ameyalaza nyuma kwa maumivu? Pitisha kidole chini ya ukanda huo, pande zote mbili. Kisha mtoe singa za utosini zilale juu yake, zisibanwe chini.

Ukanda wa kooni uache nafasi ya vidole vinne, ule wa puani viwili. Lijamu, kile chuma cha mdomoni, pima kwa mdomo wake mwenyewe. Usiazime ya jirani kwa kuwa farasi wenu wanalingana umbo, maana midomo hailingani. Kigwe, yaani kamba ya kumwongozea, kigawanyike mara mbili chini ya kidevu, kishike pete zote mbili za lijamu, ili ukimvuta asipinde shingo upande mmoja. Kanuni za umri wa kuvaa lijamu zisome upya kila mwaka kabla ya kujiandikisha.

Ngozi nyeupe ni nzuri na laini, ila inakunywa uchafu. Siku hizi natumia mikanda ya nyuzi iliyofunikwa plastiki. Wazee wa zizini hawaipendi, na nawaelewa, lakini mvua ya huku haina msimu, na mkanda huu unafutika kwa kitambaa chenye maji. Rangi ya viatu sijaigusa tena.

Hatamu mpya usiifungue kwenye boksi asubuhi ya ukaguzi. Mimi huanza wiki tatu kabla: kwanza anaivaa akiwa zizini dakika chache, halafu tunatembea naye, mwishowe tunakimbia pamoja, maana tundu la mkanda lililokaa sawa akiwa amesimama linaweza kulegea akianza kukimbia.

Siku yenyewe nampiga brashi kwanza, hatamu namvalisha mwisho. Usimwache ale majani baada ya hapo. Povu la kijani likigusa mkanda mweupe linaacha doa, kwa hiyo huwa na kitambaa kikavu cha kumfuta pembe za mdomo kabla hatujaitwa. Nakiweka mfuko wa kushoto, maana mkono wa kulia umeshika kigwe.