Maji ya bomba yananuka dawa? Usikimbilie kuyamwaga

Kila mgao ukiisha hapa Dar simu yangu inajaa meseji za aina moja, dada maji yamerudi ila yananuka Jik, tunywe au tuache? Ngoja niandike mara moja nimalize maana kumjibu mmoja mmoja nimechoka, na mimi sio injinia wa maji jamani, ni mtu tu niliyeishi na simtanki na majaba miaka mingi.

Ile harufu ni klorini. Maji ya Ruvu yakishachujwa yanatiwa dawa, na dawa kidogo inaachwa makusudi isafiri nayo kwenye mabomba, kwa sababu njiani kuna sehemu kibao zinavuja na maji yakikatika bomba linabaki tupu, hapo uchafu wa nje unapata pa kupenyea. Shirika la Afya Duniani linataka maji yakifika kwako yawe bado na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita, na kikomo cha juu wameweka 5. Sasa kuna watu pua zao zinainusa ikiwa 0.3 tu! Yaani unaapa umewekewa sumu kumbe uko mbali sana na kikomo. Sisi tuliokuwa mjini 2015 kipindupindu kilipoanza mwezi wa nane tunajua, kipindi kile ukisikia dawa kwenye maji unashukuru Mungu.

Maji yakirudi baada ya mgao au mafundi wakishakarabati bomba, dawa huwa inasikika zaidi. Fungua yatiririke kwenye ndoo, hayo ya mwanzo pigia deki au weka chooni, usiyamwage bure, ndio ukinge ya kunywa. Harufu kali ikikomaa siku kadhaa bila kupungua, au macho yanawasha ukioga, hapo piga simu mamlaka yako ya maji, na waulize majirani kama na wao wanaisikia, maana ikiwa kwako peke yako basi tatizo liko kwenye tanki au mabomba yako.

Ila ujue sio kila harufu "ya dawa" ni dawa nyingi. Ile kali ya swimming pool mara nyingi inakuja klorini ikikutana na uchafu, kwahiyo harufu imepanda lakini nguvu ya kuua wadudu imeshuka. Na kuna ile ladha ya Dettol, ya hospitali kabisa, hiyo kabla hujalaumu mtu kaangalie mpira. Wengi tunavuta maji kwa jirani kwa mpira wa kumwagilia bustani, umelala juani siku nzima na maji ndani, plastiki inatoa vitu vyake, vikikutana na klorini chai inakuwa haimezeki. Badilisha mpira, au angalau mwaga kwanza yaliyolala humo. Tanki jipya nalo lioshe vizuri ulimwage kabla hujaanza kunywa. Harufu ya mayai viza ni habari nyingine, hiyo ni matope yaliyooza chini ya tanki au maji ya kisima, klorini haihusiki.

Sasa kuiondoa. Toa dawa kwenye jagi, usiitoe kwenye tanki, hapo ndipo watu wengi wanakwama. Ya kunywa leo weka kwenye sufuria pana, funika na kitambaa safi chepesi, yalale, asubuhi harufu imepungua sana. Una haraka? Yamimine kwa juu kutoka jagi hili kwenda lile mara kadhaa kisha tia friji, maji ya baridi hayaonyeshi ladha sana. Kipande cha limao kinafanya kazi kweli, vitamini C inaimaliza klorini, sio mbwembwe za hotelini. Bibi yangu Tanga alikuwa anaweka kwenye mtungi aliofukiza ubani na hakuna mgeni aliyewahi kulalamika kwake harufu ya dawa. Kwa chai, acha maji yachemke kwanza sufuria ikiwa wazi ndio utie majani, ukitia majani mapema ladha inaharibika na hata tangawizi haiifichi.

Lakini dawa ikishatoka ulinzi umeisha. Maji uliyochemsha yakapoa hayana kitu cha kuua mdudu mpya, mtoto akichovya kikombe na mkono wake umerudi mwanzo. Chombo kiwe na mfuniko na kikoki, au kata yenye mpini mrefu ambayo haiguswi na kila mtu. Na simtanki la juu ya paa ndio balaa lenyewe, joto linamaliza klorini haraka, likiwa halifungi vizuri jua linaongeza, maji yakikaa siku kadhaa yanakuwa matamu hayanuki kabisa na wewe unafurahi. Hayo ndio ya kuchemsha, au weka WaterGuard, ile dawa ya klorini ya kutibu maji nyumbani, kwa kipimo kilichoandikwa na usubiri nusu saa. Jik usikadirie kwa macho, nguvu zake zinatofautiana na nyingine zina manukato.

Filta? Inayoondoa klorini ni ile yenye kaboni, na kaboni ikichoka inakuwa nyumba ya bakteria, kwahiyo kama hutabadilisha kwa wakati bora usinunue. Ile ya mishumaa ya udongo inachuja wadudu, ila kama haina kaboni ndani harufu inabaki palepale. Na wale vijana wa kuuza filta wanaopita majumbani na kichupa cha matone, wanatonesha kwenye maji yako yanageuka njano, mama mwenye nyumba anashtuka, nao wanasema "mnaona sumu hiyo!" Ile njano inaonyesha tu kwamba klorini ipo. Akija kwako usigombane naye, mpeleke kwenye koki inayotoka tanki la juu arudie kipimo hapo, yasipobadilika rangi mshukuru kwa kupima bure halafu washa jiko uchemshe.